Siga za kifahari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni yale maswali ambayo ukionekana tu umeshika siga lazima mtu akuvute pembeni akuulize, nimeyaweka pamoja maana kujibu kimojakimoja inboksi nimechoka. Siuzi siga wala sina duka, kwahiyo sina sababu ya kukupamba. Na niseme mapema tu, nusu ya mambo ya kifahari yanayozungushiwa hii kitu ni shoo ya mjini, nusu nyingine ni kazi ya mikono ya watu na ndo hiyo inayonivuta mimi.

Hivi siga na sigara si kitu kimoja tu, ila hii nene?

Hapana. Sigara ni tumbaku iliyokatwakatwa ikafungwa kwenye karatasi, ina filta, mashine inatema maelfu kwa dakika. Siga ya maana ni jani tupu mwanzo mwisho, hamna karatasi, hamna filta, gundi ni tone dogo la utomvu wa mmea pale kichwani, upande wa mdomo, basi. Ndani kuna majani marefu yaliyokunjwa, Wacuba wanayaita tripa, yanafungwa na jani la kati, capote, afu juu linavishwa jani moja laini lisilo na tundu wala doa ambalo ndo unaliona kwa macho, capa. Na hayo ya ndani nayo hayafanani. Volado yanatoka chini ya mche, mepesi, kazi yake kusaidia siga iwake vizuri. Seco ya katikati ndo yanaleta harufu. Ligero ya juu kabisa yamekula jua kuliko yote ndo yana nguvu, na kwa kuwa yanaungua polepole msokotaji anayaweka katikati kabisa ya siga. Sasa ukisikia mtu anasema hii kali hii laini, anaongelea huo mchanganyo, sio rangi ya nje. Wengi wakiona siga nyeusi wanaogopa bure.

Kwanini siga moja inauzwa bei ya mbuzi?

Swali la haki kabisa. Jibu lina pande mbili na wauzaji huwa wanakwambia upande mmoja tu.

Upande wa kwanza ni kazi. Chukua Cuba, mkoa wa Pinar del Río, eneo linaitwa Vuelta Abajo, na ndani yake kuna wilaya mbili, San Luis na San Juan y Martínez, ambazo ndo zinatoa majani bora. Miche inakaa kitaluni mwezi na nusu hivi, inapandwa kuanzia Oktoba, kuanzia Januari wanavuna na hawang'oi mche mzima, wanachuma jani moja moja kwa mkono, ngazi kwa ngazi kutoka chini kwenda juu, wanaacha siku kadhaa zipite wanarudi tena kwenye mche uleule. Yale majani ya capa yanalimwa chini ya turubai nyepesi la kitambaa ili jua lisiyakaze. Baada ya hapo yanatundikwa kwenye banda kubwa la mbao na makuti siku kama 50 yakauke kwa hewa tu, afu yanapangwa malundo yachachuke yenyewe, joto linapanda ndani ya lundo, harufu kali ya amonia inatoka, lundo linavunjwa linapangwa upya. Ligero linawekwa miaka isiyopungua 2 kabla ya kusokotwa. Mpaka hapo hamna siga hata moja bado!

Msokotaji, torcedor, anakaa mezani na kisu chake kisicho na mpini, chaveta, na ubao. Siku moja anatoa siga mia hivi, zile kubwa au za kichwa kilichochongoka anatoa pungufu. Anajifunza miezi mingi, na wanapanda madaraja, sio kila mtu anaruhusiwa kugusa saizi ngumu. Kisha kuna mtu kazi yake ni kupanga siga kwa rangi, ukifungua boksi orijino utaona zimepangwa kutoka iliyokoza kushoto mpaka iliyopauka kulia, tofauti ndogo mno, mpaka uangalie kwa makini.

Upande wa pili ni jina. Mwaka 2022 Habanos S.A., hii ndo kampuni inayouza siga zote za Cuba nje, waliamua siga zao za Cohiba na Trinidad ziuzwe dunia nzima kwa kufuata bei ya Hong Kong, na sehemu nyingi bei ikaruka mara mbili na zaidi. Jani halikubadilika, msokotaji hakubadilika. Mwaka huohuo Septemba kimbunga Ian kikapiga Pinar del Río kikalaza mabanda ya kukaushia kwa maelfu, kwahiyo mali ikawa adimu kweli, lakini bei ilishapanda kabla ya upepo. Ukinunua Cohiba leo sehemu kubwa ya hela unalipia ile pete ya karatasi ya njano na nyeusi inayovishwa siga. Na mkulima wa kule? Sehemu kubwa ya majani yake, kama asilimia 90, inaenda serikalini kwa bei ya serikali.

Kwahiyo lazima iwe ya Cuba?

Hapana, na mtu akikwambia lazima jua anakariri. Mapinduzi ya Cuba yalipotaifisha viwanda mwaka 1960 familia nyingi zilizokuwa na majina zilikimbia na ujuzi wao, wakaanza upya Jamhuri ya Dominika, Honduras, Nicaragua. Ndo maana leo kuna Montecristo mbili, Romeo y Julieta mbili, moja ya Cuba nyingine inatengenezwa Dominika kwa ajili ya soko la Marekani, na hazina undugu zaidi ya jina.

Nicaragua mji wa Estelí ndo moto wa sasa hivi. Padrón, iliyoanzishwa Miami mwaka 1964 na mkimbizi wa Kicuba, majani yake yanatoka Nicaragua na kwa uthabiti mi naiweka juu ya siga nyingi za Havana, kila boksi ladha ileile, wakati za Cuba unaweza kukuta moja kwenye boksi imekazwa mpaka haivutiki. Arturo Fuente walianza Tampa 1912, leo wako Dominika, na siga yao ya OpusX ya 1995 ilikuwa ni kuwajibu wote waliosema Dominika haiwezi kulima capa. Davidoff naye, Zino Davidoff mzaliwa wa Kyiv aliyefanya jina lake Geneva, alikuwa anatengenezewa Cuba, wakagombana mwishoni mwa miaka ya 80 akahamia Dominika na wala hakufa njaa.

Afu kuna hii ambayo watu wa kwetu hawaijui: moja ya majani ya capa yanayoheshimika duniani ni la Cameroon. Linalimwa mashariki ya Cameroon na upande wa pili wa mpaka, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Jani dogo, lina vipelevipele ukipapasa, lina utamuutamu, na wanaoliweka ni watu wazito, mfano Arturo Fuente kwenye siga zao za Hemingway. Mtu anakaa New York anavuta jani la Afrika na anadhani ni kitu cha Karibiani.

Cohiba ina nini hasa mpaka kila tajiri anapiga nayo picha?

Ina historia. Mlinzi wa Fidel Castro alikuwa anavuta siga isiyo na jina aliyokuwa anasokotewa na rafiki yake, Eduardo Rivera. Castro akaonja, akaipenda, ikaanza kutengenezwa kwa ajili yake na ya kuwapa mabalozi na wageni wakubwa. Hiyo ni 1966, kiwanda chake El Laguito ni jumba la kifahari la zamani pembeni ya Havana. Haikuuzwa kwa mtu wa kawaida mpaka 1982. Kitu cha kitaalamu kinachoitofautisha ni kwamba seco na ligero zake zinachachushwa mara ya tatu, ndani ya mapipa, ndo maana ina ule ulaini. Behike iliyokuja 2010 ndo ya juu kabisa kwenye familia yao.

Kinachonichekesha ni kwamba Castro mwenyewe aliacha kuvuta mwaka 1985, nchi ikiwa kwenye kampeni ya kupinga tumbaku. Che Guevara, mwenzake wa mapinduzi, yeye alikuwa na pumu na bado alivuta. Huyu Che wengine wanasahau alipita kwetu, mwaka 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma kwenda kupigana Congo, jina lake la kazi kule lilikuwa Tatu, na kulipoharibika akakaa kimyakimya ubalozi wa Cuba pale Dar akiandika kumbukumbu zake.

Ile stori ya Rais Kennedy kujiwekea siga za Cuba kabla ya kuzipiga marufuku Marekani, ni kweli?

Aliyeisimulia ni msemaji wake mwenyewe, Pierre Salinger. Februari 1962 Kennedy alimwita jioni akamwambia nitafutie siga 1,000 za Cuba aina ya Petit Upmann kabla ya kesho asubuhi, jamaa akazunguka Washington akarudi na 1,200, ndipo rais akatoa karatasi mezani akasaini vikwazo dhidi ya Cuba. Vikwazo vipo mpaka leo. Obama alilegeza wasafiri wakaruhusiwa kurudi na siga zao binafsi, 2020 Trump akakaza tena. Ndo maana Marekani siga ya Cuba inasifiwa kupita uwezo wake, tunda la kukatazwa hilo.

Nimesikia wasokotaji wanasomewa vitabu wakiwa kazini, ni kweli au ni utalii?

Kweli kabisa, na kwangu mimi hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye hii dunia ya siga. Ilianza Havana 1865 kwenye kiwanda cha El Fígaro. Kusokota ni kazi ya kimya, mikono inafanya kichwa kinalala, basi wafanyakazi wakachagua mtu wa kuwasomea na kumlipa wenyewe kutoka mifukoni mwao. Asubuhi magazeti, baadae riwaya, na kitabu kinapigiwa kura. Watu ambao wengi hawakwenda shule wakawa wanaijua fasihi ya Ulaya na siasa za dunia kuliko mabosi zao, na mabosi na serikali ya Hispania hawakupenda hata kidogo, usomaji ukapigwa marufuku zaidi ya mara moja. Jina Montecristo, la mwaka 1935, inasemwa limetokana na riwaya ya Alexandre Dumas waliyokuwa wanaipenda kusomewa. Mpaka leo msomaji yupo viwandani, anakaa kwenye jukwaa dogo na maikrofoni yake, na 2012 Cuba iliitambua kazi hiyo kama urithi wa utamaduni wa taifa. Wakipenda kilichosomwa hawapigi makofi, wanagonga chaveta mezani.

Sisi tuna tumbaku Tabora na Urambo kibao, kwanini hatutengenezi siga?

Kwasababu ni tumbaku ya kazi nyingine. Ya Tabora kwa sehemu kubwa ni ya mvuke, inakaushwa kwa joto ndani ya bani, banda la kukaushia, siku chache tu, jani linageuka njano na sukari yake inabaki ndani, inaenda kwenye sigara. Ya Songea na Namtumbo ni ya moshi, inakaushwa juu ya moto wa kuni. Ya siga inakaushwa na hewa peke yake wiki kwa wiki, inageuka kahawia, sukari inaisha, kisha inachachushwa kwenye malundo. Mbegu nyingine, utaratibu mwingine. Ukisokota jani la mvuke ukaliita siga utapata kitu kinachochoma ulimi. Sio kwamba Afrika haiwezi, Cameroon nimeshaitaja hapo juu, ni kwamba mnunuzi wetu anataka sigara na mkulima analima kinachonunuliwa.

Naanza, ninunue ipi?

Ndogo na laini. Usianze na Behike ya ofa uliyopewa na bosi, utaumwa kichwa na utakuwa umeichoma bure. Saizi inaandikwa kwa urefu na unene, unene unahesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwahiyo 50 ni milimita 20 hivi. Robusto ni milimita 124 kwa unene wa 50, inakaa dakika 45 mpaka saa nzima. Petit corona ni 129 kwa 42, nyembamba, nusu saa na kitu, Montecristo No. 4 ndo saizi hiyo. Churchill ni 178 kwa 47, hiyo weka jioni nzima. Mi namwambia mtu yeyote mpya achukue petit corona au robusto yenye capa ya Connecticut, ile ya rangi ya chai ya maziwa, ya Dominika, bei yake ya kistaarabu. Na ule kwanza! Siga na tumbo tupu ni kizunguzungu na jasho la baridi, watu wameshindwa kuinuka kwenye kiti.

Inakatwaje na inawashwaje?

Kata kidogo. Kichwani kuna kofia, kipande cha jani kilichobandikwa duara, kata milimita 2 tu juu ya pale inapoishia, ukipita hapo capa inafumuka yote mkononi mwako. Kikatio cha bei rahisi chenye makali mapya ni bora kuliko cha dhahabu kilichobutu. Meno usitumie, hizo ni za kwenye sinema.

Kuwasha tumia laita ya gesi au kiberiti kirefu, sio ile ya mafuta maana utavuta petroli. Moto usiguse jani, shikilia siga juu yake kidogo, zungusha mpaka mduara wote uwe mwekundu, ndo uweke mdomoni uvute taratibu huku unaendelea kuzungusha. Ukishawasha vuta mara moja kwa dakika hivi. Ukivuta harakaharaka inapata joto na inakuwa chungu, ukisahau inazima na hamna aibu, gonga jivu washa tena.

Moshi unavutwa mpaka ndani?

HAPANA. Unakaa mdomoni, unausikilizia, unautoa. Wavutaji wa sigara ndo wanateseka hapa maana mazoea yanawavuta.

Kuna adabu zipi za kujua?

Chache tu na nyingi ni za kawaida. Usiwashe siga penye watu wanakula bila kuuliza. Usigonge jivu kila saa, liache likue lidondoke lenyewe kwenye kibia. Usiisage siga kama sigara ukimaliza, iweke tu itazima yenyewe, ukiisaga inanuka chumba kizima. Pete unatoa au unaacha, Waingereza wa zamani waliona kuiacha ni kujionyesha, mi naona ukitaka kuitoa subiri siga ipate moto kwanza gundi ilegee usije ukachana jani. Na usimwombe mtu uvute pafu moja kwenye yake, mwambie ukweli huna, atakupa nzima.

Mambo ya launji, viti vya ngozi, wiski, lazima yote hayo?

Kuna watu wanayafurahia kweli na kuna watu wanalipia picha. Asili ya lile pozi ni London, mtaa wa St James's, maduka ambayo watu kama Churchill walikuwa na akaunti zao, yeye aliionja siga Cuba mwaka 1895 akiwa kijana mwanajeshi na hakuacha tena. Uingereza ilipokataza kuvuta ndani 2007 iliacha kijitundu, duka maalumu la tumbaku linaruhusu mteja kuonja siga humo ndani, ndo maana vile vyumba vya juu ya maduka vipo mpaka leo. Upande wa pili kuna tamasha la Habanos kule Havana, kawaida Februari, linaisha na chakula cha usiku na mnada wa makabati ya siga, na mnada wa 2024 peke yake ulikusanya zaidi ya yuro milioni 17, hela inayosemwa inaenda kwenye afya ya wananchi wa Cuba.

Lakini siga yenyewe haihitaji kiti cha ngozi. Inahitaji muda na mtu wa kupiga naye stori, kibarazani inatosha kabisa. Nimeona watu wamewasha siga ya laki kadhaa wakashika simu dakika 50 nzima, hao wangenunua tu ile pete.

Sinywi pombe, niteremshie na nini?

Kahawa. Na hapa watu wa Pwani mko mbele ya wote, kahawa chungu ya kwenye vikombe vidogo ni bora kuliko wiski mara nyingi, maana pombe kali inaufisha ulimi. Kashata pembeni kama siga ni kali, sukari inakata kizunguzungu. Chai ya rangi yenye iliki nzuri, maji tu pia sawa. Wanaokunywa, ramu ndo ndugu wa siga ya Cuba, na usimwage tangawizi ndani.

Nitunzeje? Nilinunua Dubai, zimefika Dar zimeota vinyoya vyeupe.

Huo ni ukungu, usimsikilize anayekwambia ni ishara ya ubora. Ukiwa juujuu tu kwenye jani futa na kitambaa kikavu, ukiwa umeingia mguuni, pale pa kuwashia, tupa.

Maelezo mengi ya kutunza siga yameandikwa na watu wa nchi za baridi ambao shida yao ni ukavu, so wanakazana kuongeza maji. Shida ya Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar ni kinyume, unyevu wa hewa mara nyingi umepita asilimia 75 na joto ni 30, siga inataka unyevu wa 65 mpaka 70 na joto la chini ya 21 kama unaweza. Ukinunua humidori, kile kisanduku cha mbao ya mwerezi, ukakijaza maji kama walivyoandika kwenye kikaratasi umejitengenezea shamba la uyoga. Nairobi na Dodoma miezi ya kiangazi ndo mnapata shida ya ukavu, siga inapasuka ukiigusa.

Mi nawashauri watu wa Pwani waachane na humidori ya urembo kwanza. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na mpira, kioshe kiishe harufu, weka vipande vya mbao ya mwerezi vinavyokuja na boksi la siga, afu weka pakiti ya Boveda ya 65. Ile pakiti inafanya kazi pande zote, hewa ikiwa kavu inatoa unyevu, ikizidi inanyonya, huna cha kuongeza wala kupima sana ingawa kipima unyevu kidogo ndani hakiumi. Weka chumba chenye AC au kona ya chini kabatini mbali na ukuta wa jua. Friji ya jikoni hapana, inakausha na siga itanuka samaki. Na usichanganye na zile zenye ladha za vanila na cheri, zinaambukiza boksi zima.

Kuna vitundu kwenye siga zangu kama zimetobolewa na sindano.

Pole, umepata kidudu. Kinaitwa Lasioderma serricorne, mayai yake yanakaa ndani ya jani na yanaanguliwa joto likipanda, hapo nyuzi 24 kwenda juu ndo hatari. Zilizotobolewa tenga, zilizobaki funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka friza siku 3, hamishia friji siku moja, ndo utoe nje, ukizitoa ghafla jani linapasuka. Wacuba huwa wanagandisha wenyewe kabla ya kusafirisha lakini safari ni ndefu.

Nitajuaje kama ni feki?

Anza na bei, rahisi ghali. Halafu:

Boksi la Cohiba lenye mfuniko wa kioo ni feki, sio labda, ni feki, Habanos hawajawahi kutengeneza. Boksi orijino lina stika ya kijani ya serikali ya Cuba mbele kushoto, yenye hologramu na msimbo wa mistari, na huo msimbo unaweza kuuhakiki kwenye tovuti ya Habanos. Chini ya boksi kumechomwa kwa moto maneno Hecho en Cuba na Totalmente a mano, maana yake imetengenezwa kwa mkono mwanzo mwisho, na pembeni muhuri wa wino wenye alama za kiwanda, mwezi na mwaka. Ndani siga zote ziwe zimekatwa urefu mmoja, pete zote zimetazama juu na zimekaa mstari mmoja, rangi zimepangwa. Kwenye pete ya Cohiba angalia vile vidoti vyeupe, mafeki mengi vidoti vimekatwa nusu pembeni au havijanyooka.

Na ukienda Havana utakutana na kijana mchangamfu mtaani, mjomba wake anafanya kazi kiwandani, leo ndo siku ya ushirika kuuza kwa nusu bei. Huyo mjomba ana wapwa wengi sana. Nunua kwenye La Casa del Habano, duka rasmi la siga za Cuba, ulipe bei yake.

Wanawake wanavuta?

Wanavuta na wanasokota. El Laguito yenyewe, kiwanda cha Cohiba, kilianza na wasokotaji wanawake watupu.

Si haina madhara kwakuwa huvuti ndani?

Hapa naomba tusidanganyane. Siga moja kubwa ina tumbaku gramu 5 mpaka 20, sigara haifiki gramu moja, kwahiyo kuna siga zina tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Moshi wake ni wa aina ambayo nikotini inapita kwenye ngozi ya mdomo bila kufika mapafuni, ndo maana unasikia kichwa chepesi hata kama hujavuta ndani. Saratani ya mdomo, koo la sauti na umio zinahusishwa nayo moja kwa moja, na wanaovuta kila siku au kuvuta mpaka ndani hatari inapanda hadi kwenye mapafu na moyo. Kama huvuti chochote usianze kwa ajili ya pozi. Kama una mtoto au mjamzito nyumbani toka nje, moshi wa siga unakaa kwenye pazia siku kadhaa.

Shisha ilipigwa marufuku, siga je?

Tanzania shisha ilizuiwa 2016, siga inaangukia kwenye sheria ya bidhaa za tumbaku ya 2003, na Kenya ile ya 2007. Kwa kifupi kuivuta sio kosa, kosa ni kuivuta sehemu ya umma isiyotengwa na kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18. Uliza mwenye mahali, hata kama meza iko bustanini.

Nataka kumpa mzee zawadi kwenye harusi, nampa nini?

Uliza kwanza kama anavuta, wengi wanaonekana wa siga kumbe daktari kashawakataza. Kama anavuta mpe siga 3 nzuri zinazojulikana pamoja na kikatio, kuliko boksi zima la kitu usichokijua. Montecristo No. 2, Partagás Serie D No. 4, hizo mtu wa siga akiziona anatabasamu.

Natoka nje ya nchi, naingia na ngapi bila shida?

Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki abiria wa miaka 18 na kuendelea anasamehewa tumbaku isiyozidi gramu 250 kwa ujumla, yaani siga, sigara na ugoro vyote kwenye mzani mmoja. Robusto moja ina gramu 11 au 12 hivi, so ishirini unapita, boksi la 25 umeshazidi, Churchill ndo kabisa. Kutoka Cuba wanakuruhusu 20 za mkononi bila risiti, mpaka 50 kama ziko kwenye maboksi yake yaliyofungwa yenye hologramu, zaidi ya hapo wanataka risiti ya duka. Risiti itunze mpaka nyumbani maana afisa wa huku naye atataka kujua thamani, na weka siga kwenye begi la mkononi sio la chini ya ndege, mabegi yanarushwa yale.